P Si Breki: Kuendesha na Kuegesha Gari la Otomatiki Kwenye Milima Yetu

Nafundisha udereva Lushoto. Siku hizi wengi wanaonijia si vijana wanaotafuta leseni. Ni watu wazima wenye leseni tayari, waliojifunza kwenye gari la klachi, kisha wakaagiza IST, Passo au Noah kutoka Japani. Gari limeshushwa bandarini Dar es Salaam, limepandishwa mpaka huku, na mwenyewe anakuja kwangu akisema, "Mwalimu, nasikia otomatiki ni rahisi, mafuta na breki basi. Nionyeshe kidogo tu."

Urahisi huo ndio unaonitia hofu. Gari la klachi ukizembea linazima. La otomatiki halizimi, linaendelea kwenda.

Kwa hiyo naanza na jambo moja, na naomba ulishike kabla ya mengine yote: gari la otomatiki likishawaka na leva ikiwa kwenye D (kwenda) au R (kurudi), linatembea lenyewe. Kati ya injini na giaboksi hamna klachi ya kukanyaga. Kuna chombo cha duara kilichojaa mafuta. Injini inayazungusha mafuta hayo, nayo yanausukuma mhimili wa giaboksi. Hata injini ikiunguruma taratibu bila wewe kugusa pedali, msukumo upo. Kwenye tambarare gari litatambaa kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Kinacholizuia ni mguu wako ulio kwenye breki, basi. Kuachia mafuta si kusimama. Wanaogonga ukuta wa duka, nguzo ya umeme au gari la jirani wengi wao wamesahau hilo kwa nukta chache tu.

Mguu mmoja, pedali mbili

Mguu wa kulia unafanya kazi zote mbili. Wa kushoto hauna kazi. Aliyezoea klachi ana mazoea magumu kuyaua: gari likipunguza mwendo, mguu wa kushoto unainuka wenyewe kutafuta klachi, unakuta pedali pana ya breki, unaikandamiza mpaka chini kama klachi inavyokandamizwa. Gari linasimama ghafla katikati ya barabara na bodaboda aliye nyuma anaingia kwenye bampa. Wanafunzi wangu wa aina hii nawaambia wakunje mguu wa kushoto kuelekea chini ya kiti mpaka mwili uzoee.

Kisigino cha kulia kiweke sakafuni mbele ya pedali ya breki. Ukitaka mafuta, geuza ncha ya mguu kuelekea kulia, kisigino kikibaki palepale. Ukitaka breki, rudisha ncha. Mguu unaonyanyuka mzima na kuhamahama ndio unaopotea njia, hasa ukigeuza kiwiliwili kuangalia nyuma wakati wa kurudi rivasi. Ukijipinda, nyonga inahama na mguu unahama nayo bila wewe kujua, halafu unakanyaga mafuta ukiamini ni breki. Gari linaruka, wewe unaogopa, unazidi kukanyaga "breki" ileile isiyo breki.

Jambo hili lina historia. Miaka ya 1980 huko Marekani, magari ya Audi 5000 yalipata jina baya. Madereva walisema yanaruka yenyewe leva ikitolewa P, pale pa kuegesha. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilichunguza habari za magari kuruka hivyo, na ripoti yake ya mwaka 1989 ikaeleza kuwa mara nyingi mguu wa dereva ulikuwa kwenye mafuta. Kufuli lile linalokulazimisha kukanyaga breki ndipo leva itoke P lilienea kwenye magari baada ya kelele za wakati ule. Kwa hiyo gari lako likikataa kutoka P, usililaani. Linauliza mguu wako uko wapi.

Na likiruka kweli, jambo la kwanza ni kuinua mguu kutoka pedali yoyote uliyoikanyaga. Inua kwanza, halafu tafuta breki. Nafanyisha zoezi hili gari likiwa limezimwa: napiga meza ya dashibodi kwa kiganja, mwanafunzi anainua mguu, anauweka kwenye breki. Tunarudia mpaka mwili ujue wenyewe.

Viatu: kandambili zivue, ziweke kando ya abiria, kamwe zisiwe karibu na pedali. Visigino virefu vivyo hivyo. Mazulia: gari likitoka Japani mara nyingi zulia la dereva lina vishikizo vinavyolibana sakafuni. Likifika huku, kwa sababu ya matope, watu wanaongeza zulia la mpira juu yake, lisilobanwa na chochote. Linateleza mbele taratibu mpaka linaingia juu ya pedali ya mafuta na kuizuia isirudi. Agosti 2009, karibu na San Diego, familia moja ndani ya Lexus ilikufa namna hii: zulia lisilo la gari lile liliinasa pedali. Toyota ikatangaza kuyashughulikia magari kama milioni 3.8 Marekani kwa sababu ya mazulia. Zulia moja linatosha. La mvua ukilitaka, toa la zamani kwanza.

Pedali ya mafuta ikinasa mwendoni: kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie, sukuma leva iende N, injini ipige kelele inavyotaka, wewe elekeza gari pembeni, simama, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo ukiwa mwendoni maana usukani unaweza kujifunga. Kwa gari la kitufe, ikibidi kuzima gari likitembea, kitufe kinabonyezwa na kushikiliwa sekunde kadhaa. Kukigusa mara moja hakutazima.

Kuwasha na kuondoka

Herufi unazijua: P ya kuegesha, R ya kurudi, N ya kuachia, D ya kwenda. Chini ya D utakuta 2 na L, au S, au B, kulingana na gari, na penginepo kitufe kidogo kwenye leva kilichoandikwa O/D, yaani overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi. Hivyo vya chini watu hawavigusi maisha yao yote. Sisi wa milimani tunavihitaji kuliko D yenyewe, nitavirudia.

Mguu kwenye breki, leva P, washa. Sauti ya dada wa Kijapani ikianza kuongea, aghalabu inakumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao. Haikuhusu.

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu, baridi ikiwa kali, injini inaanza kwa mzunguko wa juu. Ukiweka D papo hapo, msukumo ule niliousema unakuwa mkubwa na gari linatoka kwa kishindo. Subiri mshale wa mzunguko wa injini ushuke. Si dakika nyingi.

Kisha: breki imekanyagwa, sogeza leva, isome herufi kwenye dashibodi, usikie gari likivutika kidogo kuelekea unakotaka kwenda, ndipo ulegeze mguu. Macho kwenye herufi ni tabia ninayoidai kuliko zote. Mkono unadanganya. Kutoka P kwenda D unapita R na N, na mtu mwenye haraka anaishia popote.

Kubadilisha kati ya D na R, gari liwe limesimama kabisa, magurudumu hayazunguki. Kwenye kona za kugeuzia, madereva wengi wanaweka D gari likiwa bado linarudi nyuma. Giaboksi inapokea msukumo wa pande mbili kwa pamoja, na bei ya giaboksi unaijua.

Foleni fupi, baki D na breki. Foleni ndefu, kama mbele kuna lori limelala barabarani, vuta hendibreki na uweke P, umpumzishe mguu wako. Mlimani usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo ili lisirudi nyuma. Mafuta ya giaboksi yanachemka. Shikilia kwa breki. Ukitaka kuondoka kwenye mwinuko mkali, vuta hendibreki, weka D, kanyaga mafuta mpaka usikie gari linataka kwenda, ndipo uachie hendibreki.

Kushuka Mombo

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini kabisa, kwenye joto, kando ya barabara kuu ya Tanga kwenda Moshi. Katikati ni kilomita zipatazo 30 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na Noah na Coaster za abiria zinazoijua kila kona. Hapa ndipo mtu wa otomatiki anapojulikana.

Kuna imani kwamba ukiweka N kwenye mteremko unaokoa mafuta. Ni imani ya hatari, tena si kweli. Magari haya ya kisasa, ukiachia pedali likiwa kwenye gia mteremkoni, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Unapoteza mafuta, na unapoteza kitu kikubwa zaidi: injini haikusaidii tena kulizuia gari. Mzigo wote unaangukia breki.

Breki zikibebeshwa mzigo huo kona baada ya kona, pedi na diski zinapata moto, harufu inaingia ndani, na zikizidi, mafuta ya breki yanachemka. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inayokanyaga mapovu inazama mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo.

Kwa hiyo kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake, zima O/D kwa kile kitufe, taa ndogo ya njano itawaka kwenye dashibodi. Mteremko ukiwa mkali, punguza mwendo kwa breki kwanza, kisha shusha leva kwenye 2. Pale pakali kabisa na mwendo ukiwa mdogo, L. Magari yenye B au S, tumia hiyo. Utasikia injini inapiga kelele. Mwanafunzi mgeni anaogopa kelele hiyo na kurudisha D. Iache. Hiyo ndiyo sauti ya injini ikikushikia gari. Mshale usiingie kwenye alama nyekundu, mengine yote ni salama.

Breki itumie kwa vipindi: kanyaga imara mpaka mwendo upungue vizuri, achia, zipate upepo, kanyaga tena. Kuuegemeza mguu juu ya pedali kuanzia Lushoto mpaka Soni, mji mdogo ulio katikati ya njia, ndiko kunakozichoma. Ukisikia harufu, tafuta mahali papana, simama, ngoja zipoe kwa hewa. Usizimwagie maji, diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapinda.

Ikitokea pedali imelegea kabisa: shusha gia hatua kwa hatua, vuta hendibreki kidogokidogo huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia magurudumu yakifunga, na gari lisugue upande wa ukuta wa mlima. Bati linanyooshwa.

Na usizime injini mteremkoni kwa sababu yoyote. Wepesi wa breki unatokana na mvuto wa injini. Ikizima unabakiwa na mikanyago miwili mitatu yenye nguvu, kisha pedali inakuwa ngumu. Usukani nao unakuwa mzito. Injini ikizima yenyewe, kanyaga breki mara moja, kwa uzito wa mwili wote, usipampu, mpaka gari lisimame.

Kuegesha

Sasa nije kwenye kile nilichokiweka kwenye kichwa. Watu wanaamini P ni breki. Si breki. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu lenye meno, na kuna kichuma kidogo. Ukiweka P, kichuma kinaangukia kati ya meno mawili na mhimili hauzunguki tena. Ni kufuli la kichuma hicho kimoja, na uzito wote wa gari, abiria na magunia ya viazi unakiegemea. Kwenye IST, Passo, Vitz na mengi ya jamii hiyo kinafunga magurudumu ya mbele. Hendibreki inafunga ya nyuma. Ukitumia vyote viwili, yamefungwa manne. Ukitumia P peke yake, umeliamini gari lote kwa kichuma.

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kule Soni, aliniletea gari lake analalamika. "Shikamoo mwalimu. Leva inagoma kutoka P kila asubuhi. Nikiivuta kwa nguvu inapiga 'ko!' mpaka watoto wanashtuka. Fundi ameniambia giaboksi inakufa."

"Marahaba. Nyumbani unaegesha wapi, mama?"

"Si pale kwangu, kwenye mteremko wa kuingilia."

"Na hendibreki?"

"Sijawahi kuivuta. Si ina P?"

Giaboksi yake ilikuwa nzima. Usiku kucha gari lilikuwa limekilalia kile kichuma, asubuhi akikichomoa kwa nguvu kinatoka kwa kishindo. Nilimwonyesha mpangilio huu, na sauti ile haikurudi:

Simama kabisa kwa breki ya mguu. Mguu ukiwa palepale, peleka leva N. Vuta hendibreki mpaka mwisho. Legeza mguu taratibu: gari litacheza kidogo, kisha litatulia juu ya hendibreki. Likiendelea kuteleza, rudisha mguu na uvute zaidi. Kama imefika mwisho na bado linateleza, hendibreki imelegea, mpelekee fundi kesho, si mwezi ujao. Likishatulia, kanyaga breki tena, weka P, soma herufi, zima.

Ukifanya hivi uzito unakaa kwenye hendibreki na P inabaki kuwa kufuli la akiba. Na kila siku unakuwa umeipima hendibreki yako bila gharama. Kuondoka ni kinyume chake: breki, washa, toa P, weka D, na hendibreki iachiwe mwisho.

Kwenye Noah, Alphard na mengine ya jinsi hiyo hendibreki si ya mkono, ni pedali ndogo kushoto kabisa, inakanyagwa kwa mguu wa kushoto kufunga na kukanyagwa tena kufungua. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua ya mguu wa kushoto kwenye otomatiki. Wengi wananunua Noah na kukaa nayo muda mrefu wakidhani haina hendibreki.

Kwenye mteremko, geuza na magurudumu. Sisi tunaendesha kushoto, tunaegesha kushoto. Ukiwa umeelekea chini, zungusha usukani kushoto, tairi la mbele lielekee ukingo wa zege. Ukiwa umeelekea juu na ukingo upo, zungusha kulia, kisha liachie gari lirudi kidogo mpaka tairi la mbele kushoto liguse ukingo kwa nyuma. Pasipo na ukingo, zungusha kushoto hata kama umeelekea juu, ili likiponyoka liende nje ya barabara badala ya katikati. Ila huku kwetu "nje ya barabara" mara nyingi ni bonde lenye nyumba za watu chini yake. Kama kushoto ni bonde, usiegeshe hapo. Endelea mpaka upate ukuta wa udongo.

Weka jiwe au gogo kwenye tairi, upande wa chini wa mteremko. Na ukiondoka, liokote. Mawe yanayoachwa katikati ya barabara na malori ya milimani yanaua wapanda pikipiki usiku, na sitaki mwanafunzi wangu awe mmoja wa wanaoyaacha.

Geti

Hapa nakaa muda mrefu na kila mwanafunzi, hata anayeona ninamchosha.

Umefika nyumbani jioni. Umepiga honi, hakuna anayekuja. Unashuka kufungua geti mwenyewe, injini ikiunguruma, mlango wazi. Umesukuma leva juu kwa haraka ukaamini ni P. Lakini R iko jirani na P, na leva inaweza kusimama R, au ikaning'inia katikati ya P na R bila kichuma kuingia kwenye meno. Gari halitembei papo hapo, kwa hiyo huna habari.

Au mbaya zaidi: geti liko juu ya mwinuko na umesahau gari kwenye D. Mwinuko unalivuta nyuma, injini inalisukuma mbele, nguvu zinalingana, gari limetulia tuli. Unashuka. Unatembea mbele yake. Kisha kiyoyozi kinajiwasha chenyewe kama kinavyofanya kila baada ya muda, injini inaongeza mzunguko kidogo, na mizani inavunjika. Wewe uko kati ya bampa na chuma cha geti.

Kwa hiyo sheria yangu ya geti haina mlango wa pembeni: hendibreki, P, zima, shuka na ufunguo mkononi. Kwenye magari mengi ya ufunguo, ufunguo hautoki kwenye swichi mpaka leva iingie P sawasawa. Ukiwa nao mkononi, una ushahidi. Magari ya kitufe hayana ushahidi huo. Yanapiga mlio tu ukifungua mlango likiwa haliko P. Mlio ule usiuzoee.

Zipo pia leva zinazofanana na kijiti cha kuchezea gemu, kama za Prius na Nissan Leaf: unasukuma, ukiachia kinarudi katikati, na P ni kitufe cha pekee. Hapo mkono hauwezi kukuambia chochote, ni macho kwenye dashibodi tu. Mwaka 2016 Fiat Chrysler iliyaita magari zaidi ya milioni 1 kwa marekebisho, yakiwamo Jeep Grand Cherokee, kwa sababu leva yake ilikuwa ikirudi katikati na watu walikuwa wakishuka wakiamini wameweka P. Baadhi yao waligongwa na magari yao wenyewe.

Gari likianza kuponyoka na wewe uko nje, usilizuie kwa mwili na usikimbilie mlango uliofunguka. Piga kelele watu wapishe. Nimeona wanaume wenye nguvu wakijaribu kuweka bega kwenye gari la tani moja na nusu. Haliwezekani.

Mtoto asibaki ndani ya gari lililowashwa, hata kama unanunua mkate tu na dirisha liko wazi. Na kijana wa kuosha magari usimpe ufunguo "asogeze kidogo" kama hana leseni; kwake yeye leva ile ni kitu cha kusukuma mbele na nyuma.

Kwenye pantoni, kama lile la Pangani kwenda Bweni, yote haya yanazidi uzito maana chini ni maji. Tarehe 29 Septemba 2019, pale Likoni, Mombasa, gari dogo lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee, na ndani walikuwamo mama na binti yake. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58 hivi. Ukishapangwa kwenye pantoni: hendibreki mpaka mwisho, P, injini izimwe, vioo vishushwe, mikanda ifunguliwe, na kama wahudumu wanaruhusu, abiria washuke wasimame nje.

Likikuharibikia njiani

Vijana watakuja kulisukuma ili liwake. Waambie asante. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu injini ikiwa imezima hakuna msukumo wa mafuta ndani ya giaboksi wa kuunganisha magurudumu na injini. Tafuta waya za kubustia betri. Betri ikiwa imekufa kabisa na leva imekwama P, tazama pembeni ya leva: kuna kifuniko kidogo kilichoandikwa "shift lock". Kibandue, bonyeza ndani kwa ufunguo au bisibisi, leva itatoka. Kabla hujabonyeza, hendibreki iwe imevutwa na jiwe liwe kwenye tairi, maana unalitoa kwenye kufuli gari lisilo na injini.

Kuvutwa: gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele na lori la kuvuta magari, au lipandishwe lote juu yake. Ukilivuta kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka barabarani, giaboksi inazunguka bila kulainishwa vizuri, na safari ya Soni hadi Mombo inatosha kuiua.

Na ukibadilisha tairi, kumbuka lile la magurudumu manne. Ukiinua tairi la mbele kwa jeki, P haifungi kitu tena: tairi lililo hewani litazunguka na kumruhusu mwenzake wa chini naye azunguke. Linaloshikilia gari ni hendibreki pekee. Ukiinua la nyuma, hendibreki nayo inabaki na tairi moja. Tafuta tambarare, weka mawe mawili kwenye matairi yaliyobaki chini, mbele na nyuma, na tairi la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari mpaka umalize kukaza nati.